Kubalansi flaiwili na presha pleti ya Hilux 3L: shajara ya kazi, Mwanza

Jumatatu

Gari ni Toyota Hilux ya dizeli, injini 3L, silinda nne, sentimita za ujazo 2779. Inabeba dagaa kutoka Kayenze na Igombe kwenda Mwaloni, Kirumba, na ikirudi hubeba barafu na nyavu. Klachi yake haipumziki: vumbi, mzigo, vilima vya mawe, halafu foleni ya mjini. Hivi karibuni ilifungwa klachi seti nzima kwenye gereji moja, na tangu itoke huko ina mtetemo ambao haukuwepo. Kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, imetulia. Ukipandisha mafuta mpaka kati, kioo cha pembeni kinacheza hadi huoni gari la nyuma, leva ya gia inawasha kiganja na sakafu inawasha nyayo.

Mwenye gari alishaambiwa ni mauntingi, yaani raba zinazoshikilia injini. Akanunua mpya, mtetemo ukabaki. Akaambiwa ni nozeli, zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda. Hapo ndipo alipoileta kwangu, na nimemwomba asinunue kitu kingine chochote kwanza. Kuna majaribio hayahitaji hata spana.

La kwanza: gari limesimama, gia nyutro, unapandisha mizunguko taratibu. Mtetemo unakuja vilevile. Kwa hiyo matairi, rimu na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) havihusiki, maana vyote vimesimama. La pili: mizunguko ikiwa pale pale, unakanyaga klachi hadi chini. Flaiwili ni gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki, shafti kuu ya injini; presha pleti imefungwa juu yake na kuibana diski katikati; diski ndiyo inayozungusha inputi shafti, inayoingia giaboksi. Klachi ikikanyagwa, diski na inputi shafti vinaachiwa, lakini presha pleti na flaiwili vinaendelea kuzunguka na krenki. Mtetemo haukupungua hata kidogo. Sasa tumebakiwa na krenki, flaiwili, presha pleti, na puli ya mbele.

La tatu nimelifanya kwa simu. Nimeilaza sakafuni karibu na giaboksi, nikafungua programu ya kupima mtetemo inayochora vilima kulingana na mara kwa sekunde. Gari hili halina geji ya mizunguko, ila injini yenyewe inakuambia. Silinda nne zilizopangwa mstari mmoja zina mtetemo wao wa asili unaokuja mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krenki, kwa sababu ya mwendo wa pistoni na kwa sababu silinda mbili zinawaka katika kila mzunguko. Kilima hicho kilisimama kwenye 80 kwa sekunde. Nusu yake ni 40, basi krenki inazunguka mara 40 kwa sekunde, yaani mizunguko 2400 kwa dakika. Na pale kwenye 40 palikuwa na kilima kirefu kuliko cha 80.

Kilima cha mara moja kwa mzunguko ndicho alama ya kitu kizito upande mmoja. Kama tatizo lingekuwa nozeli moja dhaifu, kilima kingetokea kwenye 20, kwa sababu silinda moja inawaka mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Kwenye 20 palikuwa tambarare. Nozeli hazina hatia, na pesa za mwenye gari zimebaki mfukoni.

(Anayetaka kujaribu: angalia simu yako inasoma mara ngapi kwa sekunde. Ikisoma mara 100, haiwezi kukuonyesha kwa uaminifu chochote kilichozidi 50. Yangu inasoma mara 400.)

Jumatano

Giaboksi imeshuka. Hilo halina la kusimulia zaidi ya kwamba tulikuwa wawili na jeki ya troli, na propela ilifungwa waya isining'inie.

Kabla ya kugusa bolti hata moja ya presha pleti nimepiga alama kwa senta panchi, chuma chenye ncha cha kugongea nukta: nukta mbili kwenye ukingo wa flaiwili na mbili kwenye kava la presha pleti mkabala wake. Nukta moja moja nimeweka kati ya flaiwili na krenki. Bila alama hizi huwezi tena kujua vitu vilikaaje vikiwa vinatetemeka, na ushahidi wote unapotea pale bolti ya mwisho inapotoka.

Nikafunga geji ya saa (kipimo cha sindano kinachosoma sehemu za milimita) kwenye bloku ya injini, sindano yake ikagusa ukingo uliokerezwa wa ile pete ya chuma cha kalibu ndani ya presha pleti. Kava la nje ni bati la kukandamizwa na halina mviringo wa kuaminika, ndiyo maana sikupimia hapo. Tukazungusha krenki kwa mkono. Sindano ilitembea milimita 0.8 kutoka chini hadi juu. Nusu yake ndiyo umbali wa kitovu cha presha pleti kutoka kitovu cha krenki: milimita 0.4.

Nilipoifungua nikaona sababu. Presha pleti haikai katikati kwa nguvu ya bolti. Bolti zinaivuta kwenye flaiwili tu, na matundu yake ni mapana kuliko bolti zenyewe ili zipite kwa urahisi. Kinachoiweka katikati ni pini fupi zilizopandwa kwenye flaiwili, ambazo zinaingia bila uwazi kwenye matundu maalumu ya kava. Hapa matundu ya pini yalikuwa matupu isipokuwa moja. Labda zilikuwa zimeshika kutu kwenye kava moja la zamani, zikatupwa nalo. Presha pleti mpya ikafungwa mahali ilipoangukia.

Ningeweza kuishia hapo: weka pini, funga, kabidhi gari. Lakini flaiwili yenyewe ilinizuia. Mgongoni ina mashimo ya kiwandani, yameiva kutu ya kahawia, ncha zake butu. Pembeni yake kuna mengine mawili yanayong'aa, ya biti nyembamba zaidi, yaliyochimbwa kwa mkono. Kuna mtu aliwahi kujaribu kubalansi flaiwili hii ikiwa imefungwa na presha pleti fulani ya zamani, na sina shaka ile nayo haikuwa na pini. Aliondoa chuma kwenye flaiwili ili kufidia kosa la presha pleti. Kwa muda gari lilitulia. Presha pleti ile ilipotupwa, kosa lake liliondoka nayo, na dawa yake ikabaki kwenye flaiwili ikiwa sumu.

Hili ndilo jambo ninalotaka mafundi wenzangu walishike. Presha pleti ni mgeni kwenye gari, flaiwili ndiyo mwenyeji. Kwa barabara zetu na mizigo yetu, flaiwili moja itapokea presha pleti nyingi kabla injini haijafa. Kwa hiyo flaiwili ibalansiwe peke yake, mpaka isimame popote unapoiacha. Ndipo presha pleti ifungwe juu yake, na kasoro yoyote itakayoonekana hapo isahihishwe kwenye presha pleti, si kwenye flaiwili. Siku mgeni akiondoka, aondoke na ya kwake yote.

Jumatano, usiku

Mwenye gari aliniuliza kwa simu: nusu milimita inawezaje kutikisa gari la tani na nusu? Swali ni halali, nikamwandikia hesabu.

Ubaya wa balansi hupimwa kwa uzito mara umbali kutoka katikati. Presha pleti ina kilo 5, yaani gramu 5000. Imehama milimita 0.4. Zidisha: gramu-milimita 2000. Ni sawasawa na kuchukua kipande cha gramu 16 na kukifunga kwenye ukingo wa flaiwili, milimita 125 kutoka katikati.

Gramu 16 ukiishika mkononi si kitu. Ila nguvu ya kuvuta nje inakua kwa mraba wa mwendo: mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa mizunguko 2400, gramu-milimita 2000 zinavuta krenki kwa nguvu ya takribani kilo 13. Kwa 4000 ni takribani kilo 36, na mvuto huo unageuka upande karibu mara 67 kila sekunde. Nguvu hiyo inabebwa na beringi za krenki za nyuma, na mtikisiko wake unafika kwenye sili ya mafuta na kichwa cha giaboksi. Kutikisika kwa kioo ndiko kudogo kabisa. Kuna gari nyingi zinazovuja mafuta kwenye sili ya nyuma mara tu baada ya kubadilishwa klachi, sili inabadilishwa tena na tena, na hakuna anayepima kinachozunguka ndani yake.

Na flaiwili iwe nzuri kiasi gani? Viwango vya kimataifa vya balansi, ISO 1940 ambavyo sasa ni ISO 21940-11, vina daraja linaloitwa G6.3 linalotumika kwa flaiwili na mashine za kawaida. Flaiwili hii ina kilo 14. Kwa mizunguko 4000, daraja hilo linaruhusu takribani gramu-milimita 210, yaani gramu 1.7 pale kwenye milimita 125. Hilo ndilo lengo langu, na nikiweza kushuka chini ya hapo nitashuka.

Ijumaa

Flaiwili imepelekwa kukerezwa Nyakato. Uso wake ulikuwa na madoa ya bluu ya joto na nyufa nyembamba sana, zile zinazoonekana ukipaka wino kisha ukafuta. Nyufa zilikuwa za juu juu. Zingefika kwenye matundu ya bolti nisingeirudisha garini kwa bei yoyote.

Mzee wa mashine ya kukereza ni Msukuma wa siku nyingi kwenye kazi hii, na nilichompendea ni kwamba alikataa kuanza haraka. Kijana wake alitaka kuifunga flaiwili kwenye chaki ya mashine, yaani kishikio chake, kwa kushika meno ya stata. Mzee akamzuia: "Ng'wanawane, ukishika meno unafuata meno. Krenki inashika tundu la katikati. Nasi tushike hapo hapo." Wakaitoa, wakaifunga kwa tundu la katikati na uso wa nyuma unaogusa krenki, wakazungusha na geji ya saa mpaka sindano ikatulia, ndipo kisu kikagusa chuma. Pete ya meno ya stata ni kitu kilichopachikwa kwa joto, na si lazima iwe na kitovu kimoja na flaiwili. Uso ukikerezwa kwa kufuata pete, unapata flaiwili inayong'aa inayoyumba kuliko ilivyokuja.

Madoa ya bluu ni magumu kuliko chuma cha pembeni yake, na kisu kikifika pale kinarushwa kidogo na kuacha vinundu. Kwa hiyo alimalizia kwa jiwe la kusaga. Tulipoirudisha kwenye krenki kwa muda ili kuipima, uso ulicheza milimita 0.05. Flaiwili nyingi zinaruhusiwa karibu 0.1.

Mzee huyohuyo ametengeneza pini mpya kutoka kwenye mikia ya biti zilizovunjika. Mkia wa biti umenyooka, una kipenyo cha kweli, na si mgumu kiasi cha kuvunjika. Ameniachia sehemu chache za mwisho za mia ya milimita nizimalize mwenyewe kwa msasa laini, hadi pini iingie kwenye flaiwili kwa kugongwa taratibu na kava liteleze juu yake bila kutikisika. Wabeja sana, mzee.

Jumamosi

Stendi. Hii ndiyo sehemu iliyonipa raha kuliko zote.

Flaiwili ni diski nyembamba ukilinganisha na upana wake, kwa hiyo kasoro yake karibu yote iko kwenye bapa moja na inaweza kupatikana bila kuizungusha kwa kasi. Inatosha kuiacha iviringike yenyewe kwenye reli mbili. Upande mzito utashuka chini. Propela au krenki nzima haiwezi kubalansiwa hivi, maana ni ndefu na upande mmoja unaweza kuficha kosa la mwingine, lakini diski inakubali.

Reli nimezipata kwenye shokapu zilizokufa. Rodi ya shokapu imesagwa, imenyooka, na juu ina kromu ngumu. Nimechagua mbili zisizo na mikwaruzo wala kutu, nikazifunga kwenye fremu ya chuma cha pembe iliyosimama kwenye zege. Usawa nimeupima kwa pima maji kwa urefu wa kila rodi na kukatiza kutoka moja hadi nyingine, nikawa naweka vipande vya fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini ya miguu mpaka povu likasimama katikati kila upande. Reli ikiinama hata kidogo, flaiwili itakudanganya siku nzima kwa uso mkavu.

Katikati inapita shafti ya kupimia ambayo Mzee aliikereza ikiwa imeshikwa ncha kwa ncha, ikabana kwenye tundu la flaiwili bila kucheza. Shafti hii nayo ilibidi ishukiwe. Namna ya kuihoji ni rahisi: ukishapata upande mzito, tia alama kwenye flaiwili na kwenye shafti, kisha chomoa shafti, igeuze nusu duara, irudishe. Upande mzito ukibaki pale pale kwenye flaiwili, kosa ni la flaiwili. Ukihama pamoja na shafti, kosa ni la shafti. Wetu haukuhama.

Uzito wa kujaribia ni sumaku ndogo kutoka kwenye spika mbovu na vipande vya waya wa risasi. Sumaku inashika chuma cha kalibu popote unapotaka na haiachi mafuta. Mizani nimeazima kwa jirani anayenunua dhahabu. Mizani yake inasoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu, na mji huu wa wanunuzi wa dhahabu haukosi mizani ya namna hiyo. Yeye mwenyewe alikuja kuangalia, maana alitaka kujua ni dhahabu gani inapimwa gereji.

Jumapili, asubuhi

Kazi hii ifanywe asubuhi. Mchana upepo wa ziwa ukishaanza kuvuma kutoka upande wa Kirumba, mlango wa karakana hata ukiufunga unapitisha hewa ya kutosha kusogeza kilo 14 zilizokaa kwenye reli safi. Niliona kwa macho: flaiwili imesimama kabisa, mtu anapita na kanga yake mlangoni, nayo inaanza kuondoka polepole.

Mara ya kwanza ilipoachiwa haikusita. Iliviringika, ikapita, ikarudi, ikabembea na kutulia, mashimo yale ya mkono yakiwa juu kabisa. Ni kama nilivyodhani: pale chuma kilipoondolewa ndipo pepesi. Sumaku za gramu 17.5 kwenye milimita 125, juu, ndizo zilizoifanya isimame popote. Hiyo ni takribani gramu-milimita 2190. Flaiwili peke yake ilikuwa na kasoro kubwa kama ile ya presha pleti iliyohama, na kwenye gari zilikuwa zimekaa pande zinazosaidiana.

Mashimo ya zamani sikuyajaza. Kulehemu flaiwili au kubandika uzito kwa gundi ni kutengeneza risasi itakayotoboa sakafu ya gari siku moja, mahali ambapo dereva ameweka miguu. Ninaondoa tu, upande wa pili.

Hesabu ya biti: chuma cha kalibu kina takribani gramu 7.2 kwa sentimita moja ya ujazo. Biti ya milimita 10 inaondoa karibu gramu 0.57 kwa kila milimita ya kina. Nikichimba milimita 132 kutoka katikati, nahitaji kuondoa gramu 16.6, kwa sababu kadiri unavyokaa mbali na kitovu ndivyo uzito mdogo unavyotosha. Kina cha milimita 29 kwa shimo moja ni kirefu mno kwa flaiwili hii, basi nimeligawa mara tatu: moja katikati ya upande mzito, na moja kila upande wake. Nimekaa mbali na matundu ya bolti za presha pleti, mbali na kiti cha pete ya meno, na sikwenda chini kuliko mashimo ya kiwandani yalivyokwenda.

Nilianza kwa kuondoa kidogo kuliko hesabu. Chengachenga zote nilizikusanya kwa sumaku iliyofungwa kwenye karatasi, nikazimwaga kwenye mizani ya dhahabu: gramu 13.4. Ni raha kuona shimo linajieleza kwa gramu. Chuma kilichotoka hakirudi, kwa hiyo kila baada ya kuchimba nilirudi kwenye reli.

Flaiwili inapokaribia balansi inaacha kuviringika yenyewe, na hapo wengi wanasema imekwisha. Haijaisha. Msuguano wa reli ndio unaoishika. Njia ya kuuvuka ni hii: gawa ukingo sehemu nane kwa chaki. Leta kila alama kwenye usawa wa mkono, upande uleule, na uongeze uzito kidogo kidogo pale hadi flaiwili ianze tu kusogea. Andika. Kwenye upande mwepesi utahitaji uzito mwingi, kwenye mzito kidogo. Toa cha chini kwenye cha juu, gawa kwa mbili, na msuguano wote unajifuta. Nilipata 4.3 juu na 1.7 chini. Tofauti 2.6, nusu yake gramu 1.3, au gramu-milimita 162. Tayari ni chini ya lengo. Nikagusa biti mara nyingine kidogo, nikarudia alama zote nane: gramu 0.5, ambazo ni karibu gramu-milimita 62. Hapo nikaacha.

Neno kwa wenye gari tofauti. Flaiwili ya silinda nne za mstari kama hii inatakiwa isimame yenyewe. Lakini zipo injini, kama V8 kadhaa za zamani za Ford na Chevrolet, ambazo kiwanda kilifanya flaiwili iwe nzito upande mmoja kwa makusudi, ili ifidie krenki. Hiyo ukiisawazisha unaiharibu. Ukiona uzito mkubwa umetupwa pamoja na flaiwili upande mmoja tangu kiwandani, acha kwanza, uliza. Na zile flaiwili za kisasa za vipande viwili zenye springi ndani usizilete kwenye reli hizi kabisa.

Jumatatu

Pini zimeingia. Presha pleti imekaa juu yake kwa kusukumwa na kiganja, na geji ya saa kwenye ile pete sasa inatembea milimita 0.1 tu badala ya 0.8. Bolti zimekazwa kwa kuvuka, kidogo kidogo, maana ukikaza moja hadi mwisho kava linapinda.

Diski sikuiweka ndani wakati wa kubalansi. Diski haina mahali pa kudumu: kila dereva anapokanyaga klachi na kuachia, inashika flaiwili kwa upande mwingine. Ukiipima pamoja na vingine unapima hali ambayo haitarudi tena. Nimeipima peke yake kwenye rodi nyembamba laini, ikasimama vizuri, nikaiacha.

Presha pleti juu ya flaiwili ilionyesha gramu 6.4, karibu gramu-milimita 800. Sasa najua kwa uhakika hizi ni za presha pleti, kwa kuwa flaiwili nimeshaiona ikisimama. Kava lina matundu madogo yaliyoachwa na kiwanda kwa ajili ya ribiti za balansi. Nilitafuta mawili yaliyo pande mbili za sehemu nyepesi, nikaweka ribiti za chuma za gramu 3.2 kila moja, zikagongwa hadi zikapanuka nyuma. Tulipopima tena kwa alama nane, ilibaki gramu 0.8.

Nukta za senta panchi za zamani nimezifuta kwa faili na kupiga mpya, tatu tatu, zinazoonekana bila kutafutwa. Kwenye mgongo wa flaiwili nimechonga kwa kalamu ya chuma: "imebalansiwa peke yake". Fundi atakayeifungua baada yangu asihitaji kukisia.

Alhamisi

Imefungwa. Beringi ndogo ya katikati ya krenki ni mpya, sili ya nyuma ni mpya, uzi wa bolti za flaiwili umesafishwa. Diski imewekwa katikati kwa kipande cha inputi shafti ya giaboksi iliyokufa. Grisi kwenye meno ya inputi shafti ni ya kupaka na kufuta, si ya kurundika. Inayozidi inarushwa kwenye diski, na klachi itaanza kuteleza na kunuka kabla hata haijazoea kazi.

Simu imerudi palepale sakafuni, gari limesimama, kilima cha asili kikiwa kwenye 80. Kwenye 40 kilichobaki hakifiki robo ya kile cha kwanza, na sasa ni kifupi mno kando ya kile cha 80. Mwenye gari aliweka mkono kwenye leva ya gia, akapandisha mafuta, akashusha, akapandisha tena. Akazima na kuniuliza kama nimebadilisha injini.

Ijumaa

Majaribio ya barabarani yakiwa na mzigo: Buhongwa, Usagara, hadi Kigongo, tukavuka daraja jipya lililofunguliwa 2025 hadi Busisi na kurudi. Zamani safari hii ilikatwa na foleni ya kivuko. Sasa unapata mwendo mrefu usiokatika, na hicho ndicho kinachohitajika kwa kipimo hiki.

Mtetemo wa injini umekwisha katika gia zote. Lakini kati ya kilomita 70 na 80 kwa saa kuna mngurumo mwembamba chini ya kiti, ambao bila shaka ulikuwepo siku zote na ulifunikwa na ule mkubwa. Nikamwambia dereva akanyage klachi injini ishuke hadi silensa huku gari likiendelea kwa mwendo wake. Ulibaki. Huo haumo kwenye klachi. Kwenye gia ya nne propela inazunguka sawasawa na krenki, na simu haiwezi kuzitenganisha, kwa hiyo tulirudia kwenye gia ya tano, ambapo propela inakwenda haraka kuliko injini. Kilima kilihama na propela.

Tulipofika nikaingia chini. Krosi ya nyuma, yaani kiungo cha propela, ina mchezo unaoonekana kwa kushika propela na kuizungusha mkono huu na huu, na upande mmoja wa kikombe una unga mwekundu wa kutu. Krosi nimeagiza. Propela itashushwa kesho asubuhi, na alama za senta panchi zitapigwa kabla ya bolti ya kwanza.